Kwa nini chupa ya Primus haifiki ziwani

Mtaani kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuraa (umeme) ikikatika usiku tunatoka mlangoni kuangalia nani bado anawaka. Tunatazama upande wa Ibanda, kisha ng'ambo ya Ruzizi, Kamembe, kwa Wanyarwanda. Kama kwao kunawaka na kwetu ni giza, mmoja atasema kabini ya umeme imeungua, mwingine atasema wezi wamekata kebo. Mzee mmoja jirani yangu yeye ana jibu moja kwa kila usiku: "Ni masashe yenu," yaani mifuko yetu ya plastiki. Zamani tulimcheka. Kabini kweli huungua na kebo kweli huibwa, ila kuna siku mzee anapatia, na siku hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya (ya kusoma, si makala ya mbabula, yaani mkaa wa jiko, ingawa hayo ya mbabula nayo tutayafikia).

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu na kuteremka hadi Tanganyika. Kilomita chache baada ya mto kuliaga ziwa kuna Ruzizi ya Kwanza, kituo cha umeme kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, chenye uwezo usiofika megawati 30. Chini yake iko Ruzizi ya Pili, ya mwaka 1989, megawati karibu 44, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya Tatu, iliyopangwa kutoa megawati 206, inazungumzwa tangu sijaoa. Hifadhi ya maji ya vituo hivi ni ziwa lenyewe. Ndiyo kusema kila kinachoelea juu ya ziwa, upepo na mkondo vikikisukuma kusini, safari yake inaishia kwenye mdomo wa mtambo.

Mbele ya mtambo kuna chekeche ya vyuma, kazi yake kuzuia vijiti na magogo visiingie kwenye mapanga yanayozungushwa na maji. Ilibuniwa na watu wa enzi ya magogo. Gogo unaliona, unalivuta kwa ndoano, limetoka. Sashe, huo mfuko mwepesi wa plastiki tunaofungiwa kila kitu sokoni, haina adabu hiyo. Inaelea nusu na kuzama nusu, inajibandika kwenye vyuma, nyingine inakuja juu yake, matope yanazishika pamoja, na baada ya muda chekeche imekuwa ukuta. Maji yanayopita yanapungua, mtambo unapoteza nguvu, na fundi asipouzima utaharibika. Hapo wanashuka wazamiaji kung'oa kwa mikono kile ambacho mimi na wewe tulifungia nusu kilo ya mchele. Saa wanazokaa wao chini ya maji ni saa tunazokaa sisi gizani.

Na mama aliyekuwa ameweka sufuria juu ya resho la umeme hasubiri wazamiaji wapande. Anatoa mbabula, anatuma mtoto akanunue makala. Makala hayaoti Kadutu. Yanatoka Kabare, Walungu, Kalehe, na sehemu yake, jambo ambalo mji mzima unalijua hata kama muuzaji hatalisema, yanatoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu mwaka 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tanuru la udongo linalotumika vilimani ni mlafi: kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni, zilizobaki zinaondoka na moshi. Mlima ukishavuliwa miti, mvua ya Septemba hadi Mei inauvua na udongo. Udongo unafuata mifereji na mabonde, unakutana na sashe njiani, vinaingia ziwani pamoja, na matope yanayogundisha sashe kwenye chekeche ya Ruzizi ni udongo ule ule ulioshikwa na mizizi kabla hatujakosa kuraa.

Kwa hiyo sashe inakata mti. Nilipolisema hilo kwenye kikao fulani watu walidhani natunga kitendawili, lakini ni hesabu tu. Kila saa ya mtambo iliyopotea kwa taka inalipwa mahali fulani kwa panga na moto.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu wachoma makala. Ni rahisi kukaa Labotte, kwenye upepo wa ziwa, na kuwaita waharibifu. Wengi wao hawana shamba, na baadhi ni Batwa, ambao wazee wao walitolewa kwenye msitu huo huo katika miaka ya 1970 bila kupewa ardhi nyingine ya kuishi. Soko la makala limetengenezwa na jikoni zetu. Mnunuzi akipungua, mchomaji naye atatafuta kazi nyingine. Mnunuzi akibaki pale pale, hata ukiweka mlinzi kwenye kila mti, makala yatashuka mjini usiku.

Sasa, dawa tunayopewa miaka yote hii inaitwa sensibilizasyon. Waelimishe watu. Waambie plastiki ni mbaya. Niliwahi kualikwa kwenye shughuli moja ya namna hiyo kando ya ziwa. Waandaaji walikuwa watu wema, hotuba zilikuwa nzuri, na mwishoni tuligawiwa fulana zenye maandishi ya kulinda ziwa letu. Kila fulana ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya sashe yake. Tulizifungua pale pale tukazivaa kwa ajili ya picha. Sikuangalia zile sashe zilienda wapi, na hilo ndilo linalonisumbua, kwamba hata mimi niliyekwenda pale kwa ajili ya sashe sikuangalia.

Tatizo letu halijawahi kuwa ujinga. Ushahidi unapita kila asubuhi kwenye mpaka wa Ruzizi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na kila mama wa Bukavu anayevuka kwenda kununua au kuuza Kamembe anajua asivyotakiwa kubeba. Anahamishia vitu vyake kwenye kitenge, kwenye kikapu, kwenye karatasi. Hakuna aliyemfundisha kwa semina. Jioni mama huyo huyo yuko Nyawera au kwenye soko la Kadutu anakufungia nyanya kwenye sashe nyeusi, na ukiomba ya pili anakuongeza bure. Ni akili ile ile na mikono ile ile. Kilichobadilika ni upande wa daraja.

Sheria na sisi tunayo. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini Kongo, mwaka ule ule Kenya ilipopiga marufuku yake, na mbele ya Tanzania iliyofuata mwaka 2019. Kwa karatasi tuko vizuri. Lakini marufuku inayomkuta muuza nyanya kabla ya kumkuta mwenye stoo ya maboksi ya sashe inageuka kuwa pato la askari. Mama anatoa kitu kidogo, sashe inaendelea, na dekreti inabaki na heshima yake kwenye kabati.

Kuna jambo moja ambalo linanishangaza zaidi kuliko yote haya. Tembea kando ya ziwa baada ya mvua kubwa, pale ambapo Mto Kawa unaingia majini karibu na soko la Bichi Muhanzi. Utaona sashe, kandambili, chupa za plastiki zilizobonyea, vibuyu vya mafuta ya kujipaka, mabaki ya matiti ya chupa za watoto, mswaki, kila kitu ambacho nyumba hutema. Tafuta chupa ya Primus. Mji huu unakunywa bia, hilo halihitaji takwimu. Kwa hesabu ya kawaida fukwe zetu zingepaswa kung'aa kwa vioo. Mimi sijawahi kukuta chupa nzima ya bia ikielea, na wavuvi wa sambaza niliowauliza wanasema wakiipata ni sikukuu.

Sababu kila mlevi anaijua. Bila vidanje, yaani chupa tupu, hupewi chupa iliyojaa. Ama unalipia chupa pamoja na bia. Kwa hiyo chupa tupu ni pesa. Mtoto anaziokota chini ya viti vya arusi, mlinzi anazihesabu, mama mwenye baa anaweza kukudai vidanje mbili kwa miezi mitatu na kukukumbusha mbele ya mchungaji. Chupa zikikusanyika zinarudi kiwandani, zinaoshwa, zinajazwa tena. Hakuna bango linalosema tulinde mazingira kwa kurudisha chupa. Hakuna aliyehamasishwa. Mpango mkubwa kuliko yote wa kuzuia taka mjini Bukavu umeendeshwa na wanywaji kwa miongo mingi bila wao kujua kwamba ni wanamazingira.

Hata plastiki yenyewe inashuhudia hivyo hivyo. Bidoni ya njano ya lita 20 ikitoboka inachomelewa kwa kisu cha moto, ikitoboka tena inakatwa kuwa karai au chombo cha kunyweshea kuku. Chupa ngumu ya lita moja na nusu inarudi sokoni na kasiksi (pombe ya ndizi) ndani, au asali, au petroli ya motari, dereva wa pikipiki. Vinavyofika ziwani ni vile ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvipatia hata franka moja: chupa zilizobonyea na, juu ya yote, sashe. Kitu chenye bei hakifiki ziwani.

Nikitoka hapo, mambo mawili yananifuata, na si sawa kwa uzito.

La kwanza ni jepesi kulisema: chupa ya plastiki ya maji na ya soda ipewe vidanje yake. Mnunuzi alipe kidogo juu, arudishiwe akileta tupu, na wenye viwanda wazichukue kama wanavyochukua kioo. Wana malori tayari, yanayopanda na mizigo na kurudi matupu au na makreti. Watasema plastiki haioshwi ikajazwa tena kama kioo. Ni kweli, inabidi isagwe au iuzwe kwa wanaoiyeyusha, na faida ni ndogo. Basi faida ndogo hiyo iwe yao, kwa sababu hasara tunayo sisi.

Sashe ni ngumu zaidi, na hapa ndipo wanaharakati wengi wananikera. Huwezi kuipa vidanje. Ni nyepesi mno, ili upate kilo moja unahitaji kuokota siku nzima, na ikishachafuka hakuna anayeitaka. Nawaheshimu sana vijana na akina mama wa mji huu wanaofuma vikapu, viti na vyungu vya maua kwa plastiki inayotolewa ziwani. Wanaishi kwa kazi hiyo na kazi ni nzuri. Lakini mji wenye watu zaidi ya milioni hauwezi kununua vikapu vingi kiasi cha kumaliza sashe zake. Inabidi sashe isizaliwe.

Na ili isizaliwe, lazima tukubali inafanya kazi gani. Wengi wanadhani ni ya kubebea. Hapana. Sashe ni kipimo cha maskini. Anayenunua mafuta ya mawese ya franka 500, chumvi ya kupikia leo, sukari ya chai ya asubuhi moja, hana njia nyingine ya kuvifikisha nyumbani. Tajiri ananunua bidoni. Maskini ananunua kifundo. Ukiiondoa sashe bila kuangalia hilo, umemwondolea mtu uwezo wa kununua kidogo, na mtu anayeishi siku kwa siku hana namna nyingine ya kununua. Wazazi wetu walitatua jambo hili kwa kikombe. Mtoto alitumwa dukani na chupa ndogo ya mafuta iliyofungwa gunzi la muhindi, chumvi ilikuja kwenye jani la mgomba. Chupa ndogo bado zipo. Majani ya migomba yapo, Kabare na Walungu ni migomba mitupu. Kilichokufa ni tabia ya muuzaji kukuuliza "chombo kiko wapi?" na itafufuka siku ambayo sashe itakuwa na bei badala ya kutolewa bure. Itozwe kodi kwa mwenye stoo, anapoiingiza mjini kwa maboksi, hata franka 50 tu kwa kila moja, nawe utaona jinsi vikapu vitakavyotoka uvunguni.

Niliandika hapo juu kwamba tatizo ni bei. Kuna nusu nyingine, nayo ni mwinuko. Bukavu imejengwa juu ya migongo ya vilima, na tangu vita vya mwaka 1996 watu waliokimbia vijiji wamejipanga kwenye miteremko ambayo Wabelgiji walikataa kujenga. Katika mitaa mingi lori haliingii, mkokoteni haupiti, hata motari anakuacha barabarani. Kushuka ni ngazi za matope. Taka za nyumba iliyo katikati ya mteremko zina njia mbili: kupandishwa mgongoni hadi barabarani, au kuachiwa zishuke zenyewe na mvua. Yeyote aliyewahi kubeba kiroba cha maganda ya mihogo yenye maji kupanda Cimpunda anajua kwa nini mvua inashinda.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza ya nyumba ni kupunguza uzito. Sehemu kubwa ya pipa la jikoni ni maganda: ndizi, viazi, mihogo, majani ya sombe. Hayo yana walaji. Mwenye nguruwe, sungura au simbilisi anayachukua bila kulipwa, na kama hakuna, shimo la mboji lenye upana wa meza linatosha nyumba yenye hata kipande cha bustani. Yakitoka maganda, kinachobaki ni chepesi, kikavu, hakinuki, na kinaweza kukaa wiki mbili kwenye kiroba bila kukimbiza wageni. Wanaopanga miradi ya malori na mapipa ya rangi tatu wangeanza na nguruwe wangeokoa pesa nyingi.

Na kazi ya kwanza ya mji ni Kawa. Taka za vilima vyetu haziingii ziwani popote pale; zinapita kwenye mifereji na mabonde machache yanayojulikana kwa majina. Ni rahisi mara kumi kuzuia sashe pale bonde lina upana wa mita tatu kuliko kuifuata ikishasambaa ziwani, na rahisi mara mia kuliko kumtuma mzamiaji. Wavu wa nyaya nene, nguzo mbili za chuma, na vijana wanaousafisha kila baada ya mvua. Nani awalipe? Jibu langu ni wenye mitambo. Tayari wanalipa: wazamiaji, mashine za kuvuta taka, vipuri, na umeme usiouzwa. Nchi tatu zinategemea mto huu, na Ruzizi ya Tatu ikijengwa itapokea kilichopita kwenye hizo mbili. Wachukue sehemu ya gharama hiyo waipandishe juu, kwenye mabonde, wanunue taka kwa kiroba kabla hazijaona ziwa. Nasema kwa kiroba, si kwa kilo. Nawajua watu wangu, ukipima kwa kilo utanunua mawe na matope.

Kuna wanaoniambia nisahau mbabula na sashe, jibu liko chini ya ziwa. Ni kweli chini kuna gesi ya methani, inakadiriwa kilomita za ujazo 60, na Rwanda tayari inaitolea umeme wa megawati 26 upande wa Karongi. Siku tutakapoichimba nasi nitafurahi. Lakini gesi hiyo imekuwa kisingizio cha kutofanya lolote kwa miaka mingi, na mto tulio nao leo unazibwa leo.

Wakubwa wa mji walibadilika Februari 2025. Bonde la Kawa halikubadilika. Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, ipo, tunaitwa na jembe na fagio, tunakusanya taka hadi mafungu yanapendeza kando ya barabara. Kisha mvua ya Jumapili inayachukua mafungu yale, yakiwa yameshapangwa tayari. Mobutu alikuwa na salongo, na waliomfuata walikuwa na yao. Kinachokosekana siku zote ni kitu kidogo tu, mahali pa kupeleka.

Mimi mwenyewe namlipa kijana mmoja kila wiki anichukulie taka. Ni mchapakazi, ana familia, anakuja kabla ya jua. Kwa muda mrefu sikumuuliza anakopeleka, kwa sababu nilijua. Mwezi uliopita, nikiwa tayari nimeanza kuandika haya na kujiona mtu wa maana, nilimsimamisha mlangoni, kiroba kikiwa begani, nikamuuliza. Aliniangalia kwa heshima kabisa.

"Papa," akasema, "wewe unataka nipeleke wapi?"